Mgongo wa Esta

Khainza aliponipigia simu kusema mama yake amefariki, huzuni haikuwa ya kwanza kunifikia. Ilitanguliwa na hofu ya mtu aliyechelewa. Kwa mwaka mzima nilikuwa na jambo la kumwambia yule mama, jambo la dakika tano, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimepata sababu nzuri za kutotoka Jinja kwenda kwake Mbale: mvua, barabara, goti langu, wahariri wasio na subira. Katika mwaka huohuo niliandika insha tatu kuhusu kusema ukweli, na moja ilisifiwa. Sasa Khainza alikuwa akinitajia siku ya mazishi, nami nimesimama jikoni kwangu Mafubira na kikombe mkononi, nikifikiri kwamba hakuna tena mtu wa kuambiwa. Nilichotaka kumwambia ni hiki: siku ile nilipotamka neno sumu mbele ya kambi nzima, na macho yote yakamgeukia yeye, kilichomdhuru mtoto kilikuwa kimetoka mikononi mwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, digrii mpya ya falsafa, na nusu ya chumba. Chumba kilikuwa cha dada yangu Apolot, askari wa magereza, katika kambi ya Jinja: kibanda cha mabati cha mviringo, tulichokiita unipoti, chenye mlango mmoja, dirisha la ukubwa wa sinia, na joto ambalo kufikia saa sita mchana lilikuwa limemaliza kazi ya siku na kuanza ya kesho. Pazia la kitenge lililikata duara katikati. Upande mmoja kitanda cha dada na mtoto wake Esta; upande wa pili godoro langu, begi la vyeti, na sigiri ya makaa ikiwa mvua inanyesha. Mume wa dada alikuwa kazini kaskazini, likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimekuja kwa wiki mbili kungoja majibu ya barua za kazi. Majibu hayakuja. Wiki mbili zikawa mwaka, na kila asubuhi dada alipokaza mkanda na kutoka kwenda zamu, mimi nilibaki na mtoto wa miezi mitatu. Kambini tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa tulitoka kila upande na hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania maji ya bomba, na kwa Kiswahili hicho wakanipa jina ambalo baadhi yao hawakujua kama nina jingine. Digrii, mtoto iko analia. Digrii, nepi zako zimeanguka.

Esta alizaliwa na ngozi kavu iliyokwaruza kidole ukiipapasa. Mashavu yalikuwa mekundu, na kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilipasuka na kutoa maji. Alijikuna kwa kisigino, alijikuna kwa kusugua kichwa kwenye shuka, na nilipomfunga mikono kwa soksi alijikuna kwa soksi. Leo najua inaitwa pumu ya ngozi. Wakati ule tuliita upele, na kila aliyepita mlangoni alikuwa na dawa: majani ya kuchemsha, maji ya chumvi, sala ya Jumatano. Mimi nilizidharau zote kwa usawa, kwa sababu nilikuwa na nadharia. Nadharia yangu ilikuwa kwamba upele ni uchafu. Kwa hiyo nilimwogesha mara mbili kwa siku, kwa sabuni ya mche tuliyofulia sare za dada, na nikamsugua kwa dodoki, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, mpaka akawa mwekundu mwili mzima na kunyamaza. Ule unyamavu niliuhesabu kuwa mafanikio.

Baada ya kuoga yalifuata mafuta, na hapa ndipo nilipojivunia zaidi. Siku moja nilikwenda mjini kufanyia vyeti vyangu fotokopi, na nyuma ya kaunta ya lile duka bibi mmoja wa Kihindi alikuwa akimkanda mjukuu wake kwa mafuta ya nazi. Mtoto aling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Nilirudi nikiwa nimeamua. Mafuta ya nazi sikuyapata Bugembe, karibu na kambi, lakini sokoni hapo kulikuwa na karanga ya kusaga kila meza, nami nikafikiri kwamba mafuta ni mafuta. Elimu ya juu ina hatari hiyo: inakupa ujasiri wa kubadilisha kiungo kimoja na kuamini kwamba umeelewa mapishi. Nilinunua karanga iliyosagwa, nikaiweka kwenye chupa pana chini ya dirisha, joto la unipoti likafanya kazi yake, na kufikia jioni mafuta ya rangi ya asali yalikuwa yameelea juu. Niliyakomba kwa kijiko. Chembe za karanga ziliponata kwenye kijiko sikuziondoa, kwa kuwa nilidhani ndizo zenye nguvu. Kwenye chupa nilibandika karatasi iliyoandikwa ASILI, kwa herufi kubwa, na kila asubuhi na kila jioni nilimpaka Esta mgongo, tumbo, viwiko na magoti, nikiyasukumiza mafuta kwa kidole gumba ndani ya kila mpasuko.

Jirani yetu, aliyepikia nje hatua kumi kutoka mlangoni kwetu, alikuwa Mama Khainza, mke wa sajini mmoja mpole ambaye sikumbuki kama niliwahi kumsikia akimaliza sentensi. Mkewe alizimaliza kwa niaba yake. Alikuwa mwanamke wa Mbale, mpana wa mabega, mwenye kucheka kabla ya kusema, na alinitazama nikifanya kazi yangu ya mafuta kama watu wanavyotazama mpira. Wenzake walipokuja kuomba moto aliwaonyesha kwa mwiko.

"Digrii," aliniuliza siku moja, "hii mtoto unapaka ama unakaanga?"

Wanawake wakacheka. Nilipomjibu kwamba ni tiba ya asili, alikuja karibu, akanusa kichwa cha Esta, akanusa mgongo, akatikisa kichwa.

"Hana jino hata moja, na tayari anakula karanga. Anakula na mgongo."

Vicheko tena. Nami, badala ya kucheka nao, nilitoa mhadhara. Nilimweleza kwamba ngozi haili. Ngozi ni mfuko, nilisema, kazi yake ni kuzuia, hakuna kinachopita. Naogopa kwamba nilitumia na neno la Kilatini. Mama Khainza alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akarudi kwenye chungu chake, na binti yake Khainza, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na aliyembeba Esta mgongoni kila alipotoka shule, akaniuliza kama na mimi nikijipaka nitashiba.

Jambo moja limebaki, na ndilo linalonifanya hadi leo nisimame katikati ya shughuli nyingine na kushika ukuta. Esta alipofika umri wa kuonjeshwa uji, watoto wote wa kambi wa rika lake walikuwa tayari wanalambishwa mchuzi wa karanga. Mimi nilikuwa nimesoma mahali, katika kijitabu kisicho na jalada, kwamba watoto wenye ngozi ya namna ile wasipewe karanga mapema. Nikapiga marufuku. Dada, ambaye kwao, yaani kwetu, mboga isiyo na karanga haiitwi mboga, alinitazama akiwa anavua buti, akasema haya, wewe ndiye umesoma. Kwa hiyo nalisema polepole ili nami nilisikie: mtoto niliyemsugua mpaka ngozi ikafunguka, kisha nikamjaza karanga katika mifunguko hiyo mara mbili kwa siku, ndiye huyohuyo niliyemkataza karanga mdomoni.

Mwezi wa nane ulikuja uhamisho. Familia mbili ziliwekwa kwenye lori moja, sisi na akina Mama Khainza, na tukapelekwa Mbale. Kule tulipewa vyumba vya matofali vilivyopangwa kwenye varanda moja ndefu, na mlima ulisimama nyuma ya choo kama mtu anayengoja zamu yake. Hewa ilikuwa baridi, joto la unipoti lilikuwa limekwisha, na ngozi ya Esta ikatulia kidogo. Sifa nilizichukua mimi, na kupaka mafuta nikaendelea. Mama Khainza alikuwa amerudi kwao. Ndugu zake walishuka kutoka mlimani na mafungu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi, na harufu ya moshi ikakaa kwenye nguo zetu sote. Jumapili moja alitualika. Dada alikuwa zamu kwenye lango kuu, akasema tutangulie, atakuja akishapokewa zamu.

Nakumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolipia. Kitambaa cha kufuma juu ya redio, kalenda ya mwaka uliopita iliyoachwa kwa ajili ya picha, benchi, mikeka, na katikati chungu cha malewa katika mchuzi mzito wa karanga, kikitoa mvuke. Kwao mtoto mgeni hakalishwi karibu na chungu bila kulambishwa. Ndivyo nyumba inavyomwambia kwamba naye ni wake. Mama Khainza alimpakata Esta, akachovya ncha ya kidole kidogo, akaipuliza ipoe, akaiweka mdomoni mwa mtoto. Mimi nilikuwa mlangoni nikimweleza sajini jambo ambalo hakuwa ameuliza. Nililiona, nikafungua mdomo kupinga, kisha nikaona aibu kupinga mbele ya chakula cha watu. Sajini alikuwa bado anatafuta jibu.

"Digrii," Mama Khainza akasema. Hakupaza sauti. "Tazama mtoto."

Midomo ya Esta ilikuwa imevimba, ikaendelea kuvimba tukiitazama. Mabaka mekundu yalipanda kutoka shingoni yakaungana usoni, macho yakajifunga, akatapika, kisha akaanza kutoa sauti kama mtu anayejaribu kunyonya hewa kwa mrija uliobanwa. Mama Khainza ndiye aliyekimbia naye, miguu mitupu, hadi kwa mkuu wa kambi aliyekuwa na pikapu. Mimi nilimfuata nikiwa nimeshika kiatu kimoja cha mtoto. Sijui kwa nini kile kiatu.

Hospitalini tabibu wa zamu hakutuuliza majina. Alimchoma Esta sindano ya adrenalini pajani, akamwekea hewa, akasimama na vidole kwenye mshipa wake akihesabu kimyakimya, na polepole sana ile sauti ya mrija ikalegea. Ndipo akauliza mtoto amekula nini. Mchuzi wa karanga, nikasema, chembe tu. Akauliza kama ameshawahi kula karanga kabla ya leo.

"Hajawahi kugusa karanga tangu azaliwe," nikasema, kwa fahari.

Tabibu akakunja uso. Alisema ni ajabu, kwa sababu kwa kawaida mwili huwa umeshakutana na kitu mahali kabla ya kukichukia kiasi hiki. Mara ya kwanza hujifunza tu. Alilisema kama mtu anayezungumza na nafsi yake, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Chupa ya ASILI ilikuwa dirishani kwetu, imejaa robo tatu. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka. Na mimi, mwenye digrii ya kufikiri, nikafikiri hivi: karanga haziwezi kudhuru mara ya kwanza, Esta hajawahi kula karanga, kwa hiyo si karanga, kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine chunguni. Kila hatua ilifuata ile iliyotangulia. Mwalimu wangu wa mantiki angenipa alama zote.

Tulirudi kesho yake mchana, dada amembeba Esta, uso wa mtoto bado umejaa. Watu walikuwa wametoka vyumbani, wamesimama varandani kwa urefu wote. Mama Khainza alikuwa kwenye bomba akisugua kile chungu, jambo ambalo mtu yeyote hufanya baada ya kupika, na ambalo kwangu siku ile lilikuwa ushahidi. Nilisema, kwa sauti ya kufika mwisho wa varanda, kwamba aulizwe aliweka nini ndani. Mtu mmoja akauliza, unasema sumu? Ningeweza kunyamaza. Nilisema mimi simtaji mtu, nataja sumu. Mama Khainza akaacha kusugua. Akanitazama, kisha akaitazama mikono yangu, kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, akafungua mdomo, akaufunga, akachukua chungu na kuingia ndani.

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemshtaki, na dada hakusema neno, si la kuniunga mkono wala la kunikanya. Ila kuanzia siku ile hakuna mtoto aliyeachwa kwake, hakuna mwanamke aliyeomba moto kwenye sigiri yake, na chakula alichopeleka kwenye msiba wa jirani kilirudi kikiwa kimefunikwa vilevile. Khainza alikuja kumbeba Esta nikamwambia asije tena. Alinisalimu, "Shikamoo," kama alivyofundishwa, akaondoka, na hiyo ikawa salamu yake ya mwisho kwangu kwa miaka mingi. Kabla ya Krismasi sajini aliomba uhamisho. Mkewe hakumfuata, alipanda kwa mama yake mlimani na watoto. Mwezi uliofuata barua yangu moja ikajibiwa, nikaenda kufundisha, na mwaka ukawa umekwisha.

Esta alipokuwa na miaka mitatu biskuti ya karanga ilimrudisha hospitalini, na hapo hata mimi nilielewa kwamba chunguni hakukuwa na kitu ila chakula. Dada alivaa gauni lake zuri, akapanda mlima kuomba radhi, na akaendelea kupanda kila Krismasi. Mimi nilituma salamu. Kambi ilikuwa imeshatawanyika, kila mtu na kituo chake, na kila mtu alikwenda na lile neno langu bila masahihisho. Mtoto akakua, pumu ya ngozi ikapungua, pumu ya kifua ikaja, kisha kupiga chafya kila alipofagia, na mtu akiniuliza karanga zilimpata wapi nilijibu kwamba ndivyo alivyozaliwa.

Mwaka jana Esta mwenyewe alizaa. Anaishi Mbale, na mtoto wake wa kiume alipotimiza miezi miwili mashavu yakaanza kuwa na uwekundu ninaoufahamu. Nilikuwa nimemtembelea, akaniomba nimsindikize kwa daktari wa ngozi, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini aliyeandika kila kitu. Aliuliza historia ya mama. Esta akasema mwulize mjomba, yeye ndiye alinilea. Basi nikavuta kiti, nikaeleza kwa raha: dodoki, sabuni, mafuta yangu. Nilieleza hata namna ya kuyakomba. Nilikuwa ninangoja acheke. Daktari akaweka kalamu chini.

"Uliyapaka kwenye ngozi iliyopasuka?" akauliza. "Kila siku?"

Alichora kwenye karatasi. Ngozi ni ukuta, alisema, seli ni matofali na kati yake kuna mafuta yake yenyewe yanayoshika kama udongo. Watoto wengine huzaliwa na udongo haba. Sabuni kali na kusugua huondoa na ule mdogo uliopo. Ukuta ukishakuwa na mianya, maji hutoka na vitu huingia, na kinga ya mwili, ikikikuta chakula kimeingia kwa njia hiyo, kati ya vidonda na uvimbe, hukiandika kuwa adui. Chakula hichohicho kikiingia kwa mdomo, mapema, mara nyingi kinga hujifunza kukivumilia. Alisema pua na kifua na utumbo navyo vina kuta za namna hiyo, zikidhoofika huleta habari zilezile, na ndiyo maana magonjwa haya hufuatana kwa mtu mmoja.

"Kama magereza," Esta akasema. Alikulia kambini. "Akija kwa lango, anaandikwa, ni mgeni. Ukimkuta ametoboa ukuta, huulizi jina."

"Ndiyo," daktari akasema.

Nilimwuliza kama ana uhakika. Alikuwa mwema. Alisema kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kuapa, huenda ingetokea hata bila mimi, na kuhusu kumnyima karanga mdomoni, wakati ule hata madaktari wengi walishauri hivyo. Nilizishika hizo huenda zake zote nikaondoka nazo. Lakini nilimkumbuka yule tabibu na uso wake uliokunjamana: mwili huwa umeshakutana na kitu mahali. Mahali palikuwa mgongoni. Mahali palikuwa kidole changu gumba. Nje, Esta alimfunga mwanawe mgongoni bila haraka.

"Kwa hiyo ni wewe, mjomba," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepata kitu kilichopotea chini ya kochi. Kisha akauliza kile hasa nilichokiogopa. "Mama Khainza anajua?"

Nilisema nitapanda kumwambia. Hiyo ndiyo ahadi niliyoitunza mwaka mzima kwa kuiandikia insha.

Tulipanda asubuhi ya mazishi, Esta, dada, mtoto na mimi, na mfukoni nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili, nzuri, isiyosema chochote. Nyuma ya nyumba masufuria ya msiba yalikuwa yameshainjikwa, na Khainza, mpana wa mabega kama mama yake, alikuwa akikoroga moja kwa mwiko mrefu. Nilimpa pole. Kisha nikaona sufuria dogo limewekwa peke yake kwenye mafiga, mbali na mengine, na mwiko wake mwenyewe. Nikauliza ni la nani. La Esta, akasema, halina karanga. Mama aliagiza tangu zamani, kila karamu, kila msiba, sufuria la mtoto wa Afande Apolot lipikwe mbali, hata mwaka ambao hamji. Mwiko wake haugusi kwingine.

Nikamwambia yote. Nilisema vibaya, bila mpangilio, moshi ukiniingia machoni na kunipa kisingizio. Khainza aliendelea kukoroga.

"Digrii, mama alijua," akasema. "Siku ileile. Aliingia ndani na chungu, akakaa kitandani, akatuambia hii mtoto amekula karanga mwaka mzima kwa mgongo, sasa mwili imekataa. Baba akamwambia toka umwambie yule kijana. Mama akakataa. Akasema ile mikono ndiyo inamlea mtoto. Nikimwambia ni ile mikono, atamshikaje tena?"

Nilisimama pale nikiitazama ile mikono. Mwanamke ambaye hakuwa amesoma kitabu chochote nilichosoma alikuwa ameliona jambo kwa kunusa kichwa cha mtoto, kisha akalibeba lile neno langu mlimani, miaka zaidi ya ishirini, ili mimi niendelee kumwogesha mpwa wangu bila kutetemeka. Nami wiki chache baadaye niliondoka kwenda kufundisha.

Mshereheshaji aliponiita kama msemaji wa marafiki wa kambini, niliiacha hotuba mfukoni. Safu ya mbele walikuwa wamekaa wazee wa kambi waliokuja, askari wastaafu na wake zao, watu wa varanda ile. Nyuma yao walikuwa watu wa mlimani, na nilipoanza kwa Kiswahili niliona baadhi ya wazee wakikaza shingo, kwa sababu huko Kiswahili kiliwahi kuja na bunduki. Katekista mmoja alisimama kando yangu kutafsiri kwa Kimasaba, lugha ya huko. Kwa hiyo kila nilichosema kilisemwa mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili kulikuwa na kimya ambamo ningeweza kukimbia.

Nilisema kambini waliniita Digrii. Nilisema nilimwita marehemu mtu wa sumu. Katekista akanitazama, nikarudia, akatafsiri kwa sauti ndogo. Nilisema sumu haikuwapo. Karanga ambazo mwili wa mtoto ulizikataa nilizitia mimi, kwa mikono hii, asubuhi na jioni.

"Kupitia wapi?" katekista akanong'ona, maana alitaka kutafsiri sawasawa.

"Mgongoni," nikasema.

Akasita, kisha akalisema, na watu wa mlimani wakageukiana. Katika safu ya mbele mke mmoja wa askari, ambaye zamani alikuwa akija kuomba moto, alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Si alikuambia," akasema, na wote tukamsikia. "Si alikuambia, na sisi tukacheka."

Nikasema ndiyo, aliniambia. Nikakaa. Dada, ambaye hakuwa amesema neno varandani siku ile, alinishika goti, lile bovu, akalibana mpaka likauma.

Tulipotoka kaburini chakula kikagawiwa. Khainza alimletea Esta sahani kutoka sufuria dogo. Kisha akaniletea mimi ya kwangu, malewa, mchuzi wa karanga umejaa hadi ukingoni. Nikamwambia sidhani nastahili.

"Mama alisema ukija, ule," akasema. "Hakusema ukija na nini."

Nilikula yote, moshi na karanga, nikiwa nimeketi chini ya turubai kati ya watu ambao walikuwa bado hawajaamua wanitazame vipi. Upande wa pili wa turubai Esta alimaliza kula, mwanawe akaanza kulia na kuninyooshea mikono, akataka kuja kwangu. Esta akamwinua anipe. Nikamwonyesha kwa kiganja angoje. Nilikwenda kwenye pipa, nikanawa kwa sabuni, kati ya vidole na chini ya kucha, hadi viwikoni, nikanusa, nikanawa tena. Kisha nikarudi nikampokea.